Madoa ya Mwezi: Somo Lisilohitaji Maabara

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa Mwezi ni nini, aghalabu hujibu bila kusita: Mwezi ni satelaiti ya dunia, hauna mwanga wake wenyewe, hauna hewa, wala hauna maji. Majibu hayo huandikwa ubaoni, hunakiliwa daftarini, na hurudi kwenye karatasi ya mtihani kama yalivyotoka. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitolewa nje usiku wa mwezi mpevu, akaonyeshwa madoa meusi yaliyotapakaa juu ya uso ule mweupe, akaulizwa madoa yale ni kitu gani na yamejulikanaje, mara nyingi hunyamaza. Amecheza katika mbalamwezi tangu utotoni, na kama ni mtu wa pwani amejua kungoja bamvua na maji mafu kwa kuutazama Mwezi. Hata hivyo shule haijampa nafasi ya kuliuliza swali ambalo macho yake yamekuwa yakiliona miaka yote.

Ukimya huo si jambo dogo. Mwanafunzi anayejua jibu bila kujua njia iliyoleta jibu hilo hana silaha siku jibu linapobadilika. Naye hana namna ya kutenganisha maneno ya mtaalamu na maneno ya mlaghai, kwa kuwa yote mawili humfikia kwa sauti ile ile ya amri. Kila mara husemwa kwamba sayansi haifundishwi ipasavyo katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki kwa sababu maabara ni haba, kemikali ni ghali, na darubini hazipo. Sababu hizo ni za kweli. Lakini ziko sehemu za sayansi ambazo hazihitaji chochote kati ya hivyo, na madoa ya Mwezi ni mojawapo. Yako wazi kwa shule ya mjini na ya kijijini, kwa tajiri na maskini, nayo yamebeba ndani yake karibu kila hatua ya kazi ya mwanasayansi: kuona, kukisia, kupima, kukosea, na kusahihisha.

Kitabu kimesimama, Mwezi umelala

Kabla ya kuingia katika maana ya madoa hayo, yafaa liondolewe kwanza kosa moja ambalo huwapotosha wanafunzi wengi kimya kimya. Ramani na picha za Mwezi zilizomo vitabuni kwa kawaida huchapishwa ncha ya kaskazini ikiwa juu, jinsi Mwezi unavyoonekana kwa mtu wa Ulaya anapoutazama upande wa kusini, ukiwa kileleni mwa safari yake. Mkazi wa nchi zilizo karibu na ikweta haoni hivyo. Kwake Mwezi huchomoza mashariki na kupanda karibu wima hadi utosini, kisha huteremka vivyo hivyo magharibi. Kwa hiyo unapochomoza, kaskazini ya Mwezi huwa upande wa mkono wa kushoto wa mtazamaji. Unapotua, huwa upande wake wa kulia. Kwa usiku mmoja uso wote huonekana kama umegeuzwa juu chini.

Jambo hili laweza kuthibitishwa na mwanafunzi yeyote. Karibu na ukingo mmoja wa Mwezi mpevu kuna doa dogo la mviringo, lililojitenga na mengine. Jina lake katika Kilatini ni Mare Crisium, yaani Bahari ya Misukosuko. Jioni Mwezi mpevu unapochomoza, doa hilo huwa karibu na kilele cha duara. Alfajiri Mwezi unapotua, doa hilo hilo huwa karibu na kitako. Kwa sababu iyo hiyo mwezi mchanga wa Afrika ya Mashariki hulala kama dau juu ya maji, ambapo ule wa vitabu vya Ulaya husimama kama mundu.

Mwanafunzi asiyeelezwa haya hufungua kitabu, akatazama mbinguni, akaona havifanani, kisha akahitimisha kwamba macho yake ndiyo yenye kasoro. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa mbaya katika elimu: kuamini karatasi dhidi ya ushahidi. Dawa yake ni rahisi. Mwalimu amwambie mwanafunzi akizungushe kitabu mpaka kilingane na mbingu. Kitendo hicho cha dakika moja chafundisha jambo ambalo hotuba ndefu haiwezi kulifundisha, kwamba kitabu ndicho kinachopaswa kuufuata ulimwengu.

Bahari zilizokauka kwa hoja

Watu wa kila nchi wameyapa madoa hayo sura. Katika China na Japani wameona sungura. Katika sehemu nyingi za Ulaya wameona mtu aliyebeba mzigo wa miiba. Hadithi hizo zina thamani yake katika fasihi, na hakuna haja ya kuzibeza. Lakini tangu zamani walikuwapo pia watu walioliuliza swali kwa namna nyingine. Ibn al-Haytham, mtaalamu mashuhuri wa elimu ya nuru aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi Kairo, aliandika risala nzima juu ya alama zinazoonekana usoni mwa Mwezi. Katika zama hizo palikuwa na rai kwamba Mwezi ni kama kioo, na kwamba madoa ni taswira ya bahari na milima ya dunia. Rai hiyo yapendeza, lakini haisimami: taswira ya kioo hubadilika kila kioo kinaposogea, na Mwezi husogea kila saa, ilhali madoa yake hubaki yale yale. Hapa pana hoja kamili ya kisayansi ambayo haikuhitaji chombo chochote ila macho na akili.

Galileo Galilei alipouelekezea Mwezi darubini yake mwishoni mwa mwaka 1609, na kuchapisha matokeo huko Venice mwaka 1610, alitenganisha aina mbili za madoa. Kwanza palikuwa na madoa makubwa, ya kale, yanayoonekana kwa macho matupu. Pili palikuwa na vidoa vingi vidogo ambavyo hakuna aliyekuwa ameviona kabla yake. Vidoa hivyo vilibadilika kadiri Jua lilivyopanda. Upande wake mmoja ulikuwa na kivuli na upande wa pili ulikuwa na mwanga, kama bonde linavyokuwa asubuhi. Galileo alikata shauri kwamba ni mashimo na milima. Kuhusu madoa makubwa aliandika kwa uangalifu: kama mtu angependa kuufananisha Mwezi na dunia, basi sehemu nyangavu zingekuwa nchi kavu na sehemu za giza zingekuwa maji.

Mwaka 1651 Giovanni Battista Riccioli, akitumia ramani iliyochorwa pamoja na Francesco Maria Grimaldi, aliyapa madoa hayo majina ambayo yangali yakitumika: Bahari ya Utulivu, Bahari ya Shwari, Bahari ya Mvua, Bahari Kuu ya Tufani. Majina yalidumu, lakini maji yalikauka mapema, na yalikaushwa kwa hoja. Christiaan Huygens, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1698, alieleza kwamba ndani ya zile zilizoitwa bahari aliona mashimo madogo yenye vivuli. Na bahari ya maji haiwezi kuwa na mashimo yaliyotulia. Aidha nyota inapofichwa na ukingo wa Mwezi huzimika ghafula, bila kufifia kwanza. Kwa hiyo hakuna hewa ya kutosha kuzunguka Mwezi, na mahali pasipo hewa maji ya wazi hayawezi kudumu. Hapakuwa na mtu aliyetua Mwezini wakati huo. Hata hivyo ilijulikana, kwa ushahidi uliokusanywa kutoka umbali wa wastani wa kilomita 384,400, kwamba bahari zile si bahari.

Yafaa mwanafunzi aambiwe jambo hili waziwazi: jina la kitu si ushahidi wa asili yake. Jina laweza kuwa kosa la kale lililozoeleka.

Jiwe jeusi na jiwe jeupe

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Kama madoa si maji, ni nini? Hadi katikati ya karne ya ishirini wataalamu waligawanyika. Wengine waliamini kwamba ni lava iliyoganda. Thomas Gold alitoa mwaka 1955 rai nyingine, kwamba tambarare zile zimejaa vumbi laini lililoteremka kutoka nyanda za juu kwa mamilioni ya miaka. Rai yake ilikuwa na uzito wa kutisha, kwa kuwa baadhi ya watu walihofu kwamba chombo kitakachotua huko kingemezwa. Jibu lilipatikana kwa kupima. Luna 9 ya Urusi ya Kisovyeti ilitua salama Februari 1966, na Surveyor 1 ya Marekani ikafuata Juni mwaka huo huo. Miguu yake ilizama sentimita chache tu. Vumbi lilikuwapo, lakini lilikuwa juu ya ardhi iliyoweza kubeba mzigo. Septemba 1967 Surveyor 5, ikiwa juu ya Bahari ya Utulivu, ilichunguza elementi za udongo na kupata mchanganyiko unaofanana na wa basalti.

Tarehe 20 Julai 1969 Apollo 11 ilitua katika bahari hiyo hiyo. Mawe yaliyorudishwa, yapata kilo 21.5 pamoja na udongo, yalithibitisha jambo lile: yalikuwa basalti, jiwe jeusi la volkano, lenye chuma kingi na, mahali pale, titani nyingi. Umri wake ulipimwa kwa kuchanganua elementi zenye mionzi, ukaonekana kuzidi miaka bilioni 3.5.

Lakini habari iliyo nzuri zaidi kwa mwalimu haimo katika mawe makubwa. Imo katika chembe. Ndani ya udongo ule mweusi palikuwa na vipande vidogo vyeupe, vichache sana, ambavyo mtu mzembe angevipita. John Wood na wenzake wa Marekani walivitazama kwa hadubini na kukuta ni anothositi, yaani jiwe lililoundwa karibu lote kwa madini meupe ya jamii ya feldispa, yenye kalisi na alumini. Wakauliza: vimetoka wapi vipande hivi katikati ya tambarare ya basalti? Wakajibu kwamba vilirushwa na migongano ya vimondo kutoka nyanda za juu, zile sehemu nyangavu za Mwezi. Kisha wakapiga hatua kubwa zaidi. Kama nyanda zote za juu ni anothositi, na kama madini yale meupe ni mepesi kuliko magma yaliyomo, basi hapana budi Mwezi uliwahi kuwa na bahari ya kweli, lakini bahari ya mwamba ulioyeyuka. Ilipokuwa ikipoa, madini mepesi yalielea juu kama malai juu ya maziwa, na yale mazito ya chuma yalizama. Mwaka 1970 fikra hiyo ilitolewa hadharani, nayo mpaka leo ndiyo msingi wa maelezo ya asili ya gamba la Mwezi.

Hivyo historia ya rangi mbili za Mwezi yaweza kusimuliwa kwa ufupi. Sehemu nyeupe ni gamba la kale, lililoganda zaidi ya miaka bilioni 4 iliyopita. Baadaye miamba mikubwa kutoka angani iliugonga Mwezi na kuchimba mabonde mapana mno. Bonde la Bahari ya Mvua peke yake lina upana unaozidi kilomita 1,100, umbali unaokaribiana na ule wa ndege kati ya Dar es Salaam na Kampala. Joto la elementi zenye mionzi liliyeyusha sehemu za ndani, na kwa mamia ya mamilioni ya miaka lava ya basalti ilipanda kwenye nyufa na kujaza mabonde hayo. Sehemu kubwa ya lava hiyo ilimwagika kati ya miaka bilioni 3.9 na bilioni 3.1 iliyopita. Ilikuwa nyepesi kama mafuta ya injini, ndiyo maana ilienea na kulala tambarare badala ya kurundikana kuwa mlima.

Mambo haya si mageni kwa mtu wa Afrika ya Mashariki na Kongo. Lava nyeusi iliyoganda yaonekana katika vilima vya Chyulu nchini Kenya. Volkano ya Nyiragongo, karibu na mji wa Goma, ina lava nyepesi isiyo ya kawaida. Januari 1977 ziwa lake la moto lilipopasuka, lava iliteremka kwa kasi ambayo watu walishindwa kuikimbia, na Januari 2002 ikaingia katikati ya mji. Kemia yake si ile ya lava ya Mwezi, lakini tabia yake ya kutiririka yaeleza kwa nini tambarare za Mwezi ni tambarare. Ama anothositi, iko katika milima ya Uluguru huko Morogoro, ingawa joto na mkandamizo wa ndani ya dunia vimeigeuza kwa kiasi na asili yake ni tofauti na ile ya Mwezi. Mwanafunzi wa Morogoro anayetazama Mwezi ukipanda anaweza basi kuambiwa, bila kutiwa chumvi, kwamba weupe ule una jamaa yake katika milima iliyo karibu na shule.

Neno «nyeupe» lenyewe lahitaji tahadhari. Tambarare za giza hurudisha kiasi cha asilimia 7 tu ya nuru ya Jua inayoziangukia, na Mwezi mzima kwa wastani hurudisha asilimia 12 hivi. Kwa lugha nyepesi, Mwezi ule ung'aao kama sahani ya fedha umetengenezwa kwa vitu vyenye rangi inayokaribia ile ya barabara kuukuu ya lami. Waonekana mweupe kwa sababu Jua lauangaza vikali na mbingu iliyo nyuma yake ni nyeusi. Kokoto ya lami ikimulikwa kwa kurunzi ndani ya chumba chenye giza totoro itaonyesha jambo lile lile.

Pale wataalamu walipopotoka

Yapo mafunzo mengine, nayo ni ya wataalamu waliokisia kwa makini na bado wakakuta sivyo. Kabla ya safari ya Apollo 16 wanajiolojia wengi waliamini, kwa kutazama picha, kwamba tambarare nyangavu za eneo la Descartes katika nyanda za juu zilitokana na volkano ya aina nyingine. Aprili 1972 John Young na Charles Duke walifika pale wakitafuta mawe ya volkano. Walichokiokota karibu chote kilikuwa mawe yaliyopondwapondwa na kuunganishwa upya kwa nguvu ya migongano. Nadharia ilianguka mbele ya nyundo, na waliokuwa wakiishikilia waliiacha. Hapo ndipo heshima ya sayansi ilipo.

Mfano wa pili ni upande wa Mwezi usioelekea duniani. Kabla ya mwaka 1959 ilikuwa rahisi kudhani kwamba upande huo unafanana na huu. Oktoba mwaka huo Luna 3 ilipiga picha za kwanza, zikaonyesha kwamba karibu wote ni nyanda za juu. Kwa upande uonekanao, tambarare za giza huchukua takriban asilimia 31 ya uso. Kwa upande wa pili ni asilimia 2 au pungufu. Gamba la upande wa pili ni nene zaidi, na elementi zenye kuzalisha joto zimekusanyika zaidi upande wa huku, ndiyo maana lava ilipata njia hapa ikakosa kule. Kwa nini gamba na elementi ziligawanyika hivyo, wataalamu wangali wanajadiliana. Juni 2024 chombo cha China, Chang'e 6, kilirudisha kwa mara ya kwanza udongo wa upande ule, kiasi cha gramu 1,935, na ndani yake pamekutwa basalti yenye umri wa miaka bilioni 2.8. Chang'e 5 ilikuwa imekwisha kuleta, Desemba 2020, basalti ya upande wa huku yenye umri wa miaka bilioni 2 tu. Maneno ya vitabu vya zamani kwamba volkano za Mwezi zilizimika zote miaka bilioni 3 iliyopita hayana budi kurekebishwa.

Mfano wa tatu wagusa sentensi ile ile inayokaririwa darasani: «Mwezi hauna maji.» Mawe ya Apollo yalionekana makavu kabisa, na kwa karibu miaka arobaini sentensi hiyo ilikuwa na ushahidi mzuri. Lakini mwaka 2008 Alberto Saal na wenzake walipima tena, kwa vyombo vyepesi zaidi kuhisi, vipira vidogo vya kioo cha volkano vilivyoletwa na Apollo 15 na 17, wakakuta alama za maji kwa kiasi kidogo sana. Mwaka 2009 chombo cha India, Chandrayaan-1, kilisaidia kuonyesha alama za maji juu ya uso, na Oktoba mwaka huo Wamarekani waliligonga shimo la Cabeus, karibu na ncha ya kusini, ambako Jua halifiki kamwe. Katika wingu lililoruka palikuwa na maji. Kwa hiyo bahari hazina maji, kama Huygens alivyosema, lakini Mwezi hauko mkavu kama ilivyodhaniwa. Mwanafunzi aliyekariri sentensi amepitwa na wakati. Mwanafunzi aliyefundishwa jinsi sentensi ilivyopatikana ataisahihisha mwenyewe bila fadhaa.

Pingamizi na majibu yake

Itasemwa kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na mtihani haungoji. Jibu ni kwamba somo hili haliongezi mada. Linaunganisha mada zilizopo. Kuakisiwa kwa nuru ni fizikia, madini ni kemia, mawe na ramani ni jiografia, na risala za kale ni historia. Mwanafunzi huyaona masomo hayo yametengwa kwa kuta za ratiba. Mwezi huyaonyesha yakiwa kitu kimoja.

Itasemwa pia kwamba shule hufundisha mchana, na Mwezi ni wa usiku. Hilo ni kweli kwa nusu tu. Shule za bweni zina usiku. Wanafunzi wa kutwa wanaweza kupewa kazi ya nyumbani, na wazee wao wakashiriki, jambo ambalo si hasara. Zaidi ya hayo, Mwezi wa robo ya mwisho huonekana asubuhi hadi karibu na adhuhuri, nao watosha kuonyesha madoa makubwa wakati wa mapumziko.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Wako wanaohofu kwamba maelezo ya kisayansi yataua hadithi za mababu na kuondoa uzuri wa Mwezi. Hofu hiyo yastahili kujibiwa kwa upole. Aliyemwona sungura Mwezini ameona umbo, na umbo lipo kweli. Sayansi haikanushi alichokiona, bali hueleza umbo limetengenezwa kwa nini. Hadithi yaweza kusimuliwa jioni na basalti ikaelezwa asubuhi, mradi mtoto ajue kila moja ina kazi gani.

Kazi ya mwezi mmoja

Linalopendekezwa ni dogo, nalo halina gharama. Kila shule ya sekondari ingeweza kutenga mwezi mmoja kwa mwaka kwa kazi ifuatayo:

(a) Kila mwanafunzi achore Mwezi kwa mkono wake kila jioni ya mbingu wazi, tangu mwandamo hadi utakapopevuka, kabla ya kuonyeshwa picha yoyote ya kitabu. Aandike tarehe, saa, na upande alioelekea. Wengi watashangaa kukuta kwamba Bahari ya Misukosuko, iliyokuwa chini katika jioni za mwanzo, imekuwa juu jioni ya mwezi mpevu. Mwalimu asiwape jibu. Waachwe watafute wenyewe, kwa kukumbuka kwamba katika jioni za mwanzo Mwezi uko magharibi ukiteremka, na jioni ya mwisho uko mashariki ukipanda.

(b) Darasa likusanye mawe meusi na meupe ya mtaani, liyapange kwa rangi, liyapime uzito na ujazo, na kuuliza kama weusi huenda pamoja na uzito. Majibu yatakuwa na visa vya kutofuata kanuni, na visa hivyo vijadiliwe, visifichwe.

(c) Beseni lijazwe unga au majivu, kokoto ziangushwe kutoka kimo mbalimbali, na kila shimo lipimwe. Kisha sehemu ya beseni isawazishwe upya na kokoto chache zaidi ziangushwe kila mahali. Sehemu iliyosawazishwa itakuwa na mashimo machache. Mtoto aliyefagia uwanja asubuhi anaijua kanuni hii: sehemu iliyofagiliwa mwisho ndiyo yenye nyayo chache za kuku. Kwa kanuni hiyo hiyo wataalamu walijua, kabla ya jiwe lolote kuletwa, kwamba tambarare za giza ni changa kuliko nyanda za juu, ambazo zimejaa kreta juu ya kreta.

(d) Mwishoni kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja wenye sehemu tatu: alichokiona, anachokisia, na kile ambacho kingemfanya abadili mawazo. Sehemu ya tatu ipewe alama nyingi kuliko mbili za kwanza.

Shule yenye darubini ya macho mawili, hata moja kuukuu, itaona zaidi: vivuli vya kreta kando ya mpaka wa mwanga na giza, na miale myeupe ya kreta ya Tycho iliyotapakaa juu ya uso wakati Mwezi umepevuka. Shule isiyo nayo haijanyimwa msingi wa somo, kwa sababu msingi huo ni madoa yenyewe, na madoa hayo yaonekana kwa macho matupu.

Nchi zenye maabara chache haziwezi kungoja mpaka zijengwe ndipo zianze kuzoesha vijana wao kufikiri. Vifaa na vinunuliwe, na bajeti na ziombwe. Lakini jioni ya leo, kama hakuna mawingu, kuna mwalimu anayeweza kusimama uwanjani na wanafunzi arobaini, akauliza madoa yale ni nini, kisha akanyamaza na kusikiliza watakalosema.